Kabla ya Kushona Tumbo, Badilisheni Glovu

Ndugu wauguzi, madaktari na wenzetu wa chumba cha kutakasia vifaa, karibuni. Watu wa vifaa nawataja kwa makusudi, maana mengi ya leo yanaanzia mikononi mwenu.

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapa hapa Mwanza, Bugando: kati ya wagonjwa 250 wa upasuaji mkubwa, 65 walipata maambukizi ya kidonda. Yaani mmoja katika kila wanne. Fedha ni kidogo, tuziweke wapi?

Tafiti mbili zimetupa mwanga. FALCON ya 2021 ilihusisha wagonjwa 5,788 katika nchi 7: nyuzi za kushonea zilizopakwa triklosani, dawa ya kuua vijidudu, hazikushinda nyuzi za kawaida, wala kusafisha ngozi kwa klorheksidini ya spiriti hakukushinda iodini. Kisha ChEETAh ya 2022, katika hospitali 81, nyingine zikiwa kwa jirani zetu Rwanda: utaratibu uliojaribiwa ni kwamba kabla ya kufunga tumbo, wote walionawa kwa ajili ya upasuaji wabadilishe glovu na kushika vifaa vipya. Maambukizi yalishuka kutoka 18.9% hadi 16.0%. Katika wagonjwa 100, karibu 3 wanaokolewa na usaha.

Sababu iko wazi. Ukishamaliza kushughulikia utumbo, glovu zina vijidudu vyake, na huenda zimetoboka bila wewe kuona. Kwa glovu hizo hizo unagusa mafuta ya chini ya ngozi, mahali panapofikiwa na damu kidogo. Kuzimwagia spiriti si kuzibadilisha.

Basi iandaliwe seti ndogo ya kufungia: koleo la sindano, foseps (kibano) yenye meno, mkasi. Ifungwe peke yake. Tumbo likishasafishwa na damu ikishakoma, hesabuni pamba na vifaa, viondoeni mezani, vueni glovu, vaeni mpya, ndipo seti ifunguliwe. Ikifunguliwa tangu mwanzo na kupangwa pamoja na vingine, itashikwa kwa glovu zile zile chafu, na kazi yote itakuwa bure.

Sasa kwenye mashine ya mvuke. Seti iliyofungwa kitambaa hukaa nyuzi joto 121 kwa dakika 30, kisha iachwe ikauke humo humo. Ukiitoa ya moto ukaiweka juu ya meza baridi, mvuke unageuka maji, kitambaa kinalowa, na kitambaa kilicholowa hupitisha vijidudu hadi ndani. Seti iliyolowa irudishwe, hata kama daktari anasubiri. Wanaoitoa mapema si wazembe. Seti ni chache na simu kutoka chumba cha upasuaji hazikatiki. Ndiyo maana nasema fedha ya nyuzi za bei ghali inunue seti.

Jambo la mwisho. Usaha mwingi hujitokeza mgonjwa akiwa ameshavuka maji kurudi Ukerewe au Kome. ChEETAh iliwafuatilia watu siku 30. Andikeni namba ya simu ya mgonjwa na ya ndugu yake kabla hajatoka wodini, na mmpigie.