Kwa Nini Msuko Haufunguki: Maisha Katika Vipimo Viwili na Vinne

MWENDE: Karibuni tena. Mkinisikia nalalamika kila nikigeuza shingo, ni kwa sababu jana nimekaa Kenyatta Market masaa matano, wasusi watatu juu ya kichwa kimoja.

BARAKA: Na umependeza, dada. Lakini uliponiambia unaenda kusukwa, nikajua kipindi cha leo tumeshakipata.

MWENDE: Nywele zangu zinaingiaje kwenye hesabu?

BARAKA: Zinaingia pale mwanzo kabisa. Msusi anashika mafungu matatu. La kulia linapita juu ya la kati, la kushoto nalo linapita juu, anaendelea hivyo. Sasa mnyang'anye hilo neno "juu". Mwachie mbele na nyuma, kulia na kushoto, basi. Mafungu yatagongana na hakuna litakalompita mwenzake. Dunia ya vipimo viwili haina msuko.

MWENDE: Kwa hiyo kila mtu ana afro.

BARAKA: Afro, na viatu visivyo na kamba.

MWENDE: Ngoja tuwaweke sawa wanaotusikiliza kwenye matatu. Vipimo tunavyosema ni zile njia ambazo kitu kinaweza kusogea. Sisi tuna urefu, upana na kimo. Mkaaji wa dunia bapa ana viwili tu. Na sio kwamba ni mwembamba kama karatasi, maana hata karatasi ina unene wake. Yeye hana kabisa.

BARAKA: Wala hajui kama anaukosa.

MWENDE: Mimi kilichonikosesha usingizi ni tumbo lake. Chukua chapati, ichongee umbo la mnyama. Mdomo huku, mkia kule. Halafu kata njia ya chakula kutoka mdomoni hadi nyuma.

BARAKA: Chapati imekuwa vipande viwili.

MWENDE: Vipande viwili! Mnyama amepasuka katikati kwa kosa la kula na kwenda choo.

BARAKA: Nani alisema lazima kuwe na mlango wa nyuma? Konyeza, yule mnyama wa baharini laini kama jeli, kule Pwani ana tundu moja. Analolia chakula ndilo analotemea uchafu, na jamii yake imekuwa baharini zaidi ya miaka milioni 500.

MWENDE: Sawa, lakini asinialike chajio.

BARAKA: Au utumbo uwe kama zipu. Chakula kinapita, mbele panafunguka, nyuma pameshafungwa. Mnyama hagawanyiki.

MWENDE: Hiyo ya zipu naipenda. Ila kuna tatizo baya zaidi ya tumbo. Umewahi kupita Pipeline, kule Embakasi, ukaangalia juu? Zile nyaya?

BARAKA: Ni kama kiota cha ndege mlevi.

MWENDE: Zinapishana juu kwa juu na taa zinawaka. Sasa chora nyumba tatu kwenye karatasi. Chini yake chora maji, umeme na intaneti. Kila nyumba ipate zote tatu, na mistari isikatane hata mara moja. Ni mistari tisa. Utachora minane, utajisifu, halafu ule wa tisa utakataa. Sio kwamba hujajaribu vya kutosha. Imethibitishwa kwamba haiwezekani.

BARAKA: Nilijaribu hiyo nikiwa shule ya msingi, nikamaliza daftari.

MWENDE: Basi weka ubongo hapo. Neva mabilioni, na hakuna hata moja inayoweza kupita juu ya nyingine. Huyo kiumbe atawaza na nini?

BARAKA: Na mimi nilidhani hapo ndipo mlango unafungwa. Lakini mwaka 2019 mwanafizikia mmoja, James Scargill, alilipigia hesabu swali hilohilo, kama uhai unaweza kuwepo katika vipimo viwili. Akaonyesha kuna mitandao bapa, isiyokatana popote, ambayo bado ina baadhi ya sifa tunazoziona kwenye ubongo. Majirani wameungana vizuri, na bado kuna njia za mkato za kufika mbali. Pia alipata namna ya kuandika kanuni za mvutano ambazo zingeruhusu sayari kuzunguka nyota humo.

MWENDE: Mimi bado. Kama neva haziwezi kupishana, basi zikutane kwenye makutano na zingojeane zamu. Huo ni ubongo wenye Globe Roundabout, ule mzunguko wa foleni hapa Nairobi, kila baada ya hatua mbili. Atawaza kama matatu saa kumi na moja jioni mvua ikinyesha.

BARAKA: Atafika.

MWENDE: Atafika kesho! Kwani Expressway ni nini, hii barabara ya juu kwa juu waliyofungua 2022? Si ni kipimo cha tatu tumewekewa juu ya Mombasa Road, halafu tunakilipia?

BARAKA: Na hawa wetu wa bapa wangekosa hata kipindi kama hiki. Piga kofi hapo.

MWENDE: [anapiga kofi]

BARAKA: Umesikia? Limefika, limepita, kimya. Hesabu za mawimbi zinasema katika vipimo viwili kofi lingekuwa na mkia. Mlio wa kwanza ungepita, lakini nyuma yake mtikisiko ungeendelea kuburuza, ukififia polepole. Kila neno lingelifunika lile linalofuata. Na vipimo vinne ni vivyo hivyo.

MWENDE: Vinne hapo ndipo huwa unanipoteza. Huo upande wa nne uko wapi?

BARAKA: Uko pembe mraba na hivi vitatu vyote.

MWENDE: Bwana, hilo sio jibu.

BARAKA: Ndilo nililo nalo! Sikia. Kumbuka ulivyonunua vile viatu vya mitumba.

MWENDE: Usinikumbushe. Mia sita, nafika nyumbani, vyote vya kushoto.

BARAKA: Kata kwenye karatasi umbo la wayo wa kushoto. Liweke mezani, lisukume, lizungushe upendavyo, litabaki la kushoto. Lakini linyanyue, ulipindue, ulilaze tena. Limekuwa la kulia. Kwa mkaaji wa meza huo ni uchawi. Sasa mgeni wa vipimo vinne angekichukua kiatu chako kimoja, akipindue huko kwake, akurudishie cha kulia, bila kufumua uzi hata mmoja.

MWENDE: Nikodishie huyo mgeni nifungue kibanda. Akinipindua mimi mwenyewe je?

BARAKA: Moyo utahamia kulia, na hilo ndilo dogo. Molekuli za mwilini nazo zina kushoto na kulia, kama viatu. Vimeng'enya vyako, zile molekuli zinazovunja chakula tumboni, vitakuwa vimegeuka na unga utakuwa haujageuka. Utakula ugali, tumbo litajaa, na hautakulisha.

MWENDE: Kufa njaa ukiwa umeshiba. Aki hapana, akae na viatu vyake.

BARAKA: Ila tumwonee huruma, maana makao yake ni ya shida. Hapa kwetu ukienda mbali na jua mara mbili, mvutano unabaki robo. Nafasi ikiwa na vipimo vinne, unabaki moja ya nane. Inaonekana ni tofauti ndogo, lakini mwaka 1917 Paul Ehrenfest alionyesha inavyoharibu kila kitu. Mzingo wa sayari hautulii. Ukiiguza kidogo tu, ama inatumbukia juani ama inatoroka moja kwa moja. Na elektroni ndani ya atomu zinapata taabu ya namna hiyohiyo.

MWENDE: Kwa hiyo huko hakuna mwaka, hakuna jua la kuaminika, na pengine hakuna hata atomu za kumtengenezea huyo mgeni. Halafu msuko wangu?

BARAKA: Ungefunguka. Fungu likibanwa na mwenzake linachepuka kupitia ule upande wa nne, linatokea ng'ambo, basi. Uzi wowote, hata uufunge fundo gani na uunganishe ncha zake, huko unaweza kuufumua bila kuukata. Hakuna kiondo, hakuna kamba ya mbuzi.

MWENDE: Yaani nalipa, nashuka pale stejini, nywele zimeshajiachia zote.

BARAKA: Lakini sio kwamba hawana mafundo. Uzi ndio hauwezi. Kitambaa kinaweza. Katika vipimo vinne uso mzima, kama ngozi ya mpira, unaweza kujifunga fundo na usifunguke.

MWENDE: Kitambaa? Kama leso?

BARAKA: Kama leso. Saluni yao ingesuka leso.

MWENDE: Leso tatu tatu, kichwa kizima. Baraka, hayo ni masaa mangapi?