Mwezini Pamoja na Wasioukanyaga: Vitabu na Podikasti za Kuanzia

Waheshimiwa wenyeji wangu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa niwapendekezee vitabu na podikasti zinazosimulia safari za binadamu kwenda mwezini, na nakiri mapema kwamba uchaguzi wangu una upendeleo. Watu 24 walisafiri hadi huko kati ya Desemba 1968 na Desemba 1972, lakini ni 12 tu waliotia mguu. Mimi nawashauri muanze na wale wasioukanyaga, kwani wao ndio waliobaki na kazi ya kuwaza ni kipi kitaharibika.

Kitabu cha kwanza ni Carrying the Fire cha Michael Collins, mwanaanga wa Apollo 11, safari ya kwanza iliyotua watu mwezini, kilichotoka mwaka 1974, ambacho alikiandika mwenyewe bila kukodi mwandishi wa kumwandikia, na hilo utalihisi tangu kurasa za mwanzo. Julai 20, 1969, wenzake Neil Armstrong na Buzz Aldrin waliposhuka, Collins alibaki peke yake ndani ya chombo kikuu, Columbia, akiuzunguka mwezi, na kila mzunguko alipita nyuma yake kwa takriban dakika 48 bila kusikia sauti ya mtu. Wengi hudhani kilichomsumbua ni upweke. La hasha, hofu yake, kama anavyoeleza, ilikuwa kurudi nyumbani bila wenzake, na ndiyo maana alijiandalia daftari la kurasa 117 lenye njia 18 za kukutana nao iwapo mambo yangekwenda kombo.

Mkishalifahamu daftari hilo, sikilizeni podikasti ya BBC World Service iitwayo 13 Minutes to the Moon, ya mwaka 2019, inayoongozwa na daktari Kevin Fong. Dakika hizo 13 ndizo za mteremko wa mwisho wa Armstrong na Aldrin. Ndani yake mtasikia kompyuta ya chombo ikitoa tahadhari nambari 1202, yaani imezidiwa na kazi, na Armstrong, ambaye si mtu wa kupaza sauti, akiuliza maana yake. Kule Houston, kwenye kituo cha kuongoza safari, Jack Garman, kijana wa miaka 24, alikuwa na karatasi mezani aliyoorodhesha kwa mkono tahadhari zote za kompyuta hiyo, baada ya zoezi moja la siku chache kabla ambapo tahadhari ya namna hiyo iliwafanya waongozaji wakatize utuaji bila sababu. Akaitazama, akamwambia Steve Bales, mwongozaji aliyesimamia mifumo ya uelekezaji na kompyuta, kwamba waendelee, na Bales akaidhinisha. Mara ya kwanza nilisikiliza nikiwa jikoni, wali ukaungua.

Anayetaka historia yote kwa mpangilio asome A Man on the Moon cha Andrew Chaikin, cha mwaka 1994; ni kinene, lakini Chaikin alizungumza na wanaanga 23 kati ya wale 24. Mwaka huohuo Jim Lovell, kamanda wa Apollo 13, na mwandishi Jeffrey Kluger walitoa Lost Moon, kuhusu mlipuko uliotokea katika safari hiyo, ambacho ajabu yake ni kwamba Lovell anasimuliwa humo kama mtu mwingine.

Hata hivyo, mimi humrudia Collins. Baada ya kuokolewa baharini, wakiwa bado karantini ndani ya meli Hornet, aliingia tena ndani ya Columbia na kuandika ukutani kwa kalamu kwamba hakijapata kutengenezwa chombo bora zaidi, akakiombea baraka za Mungu, kisha akatia saini.