Uliirejesha Lini?

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na wengine naona mmeanza kuchungulia simu. Haidhuru. Usiniambie una bakapu, yaani nakala ya akiba ya data yako. Niambie uliirejesha lini mara ya mwisho, na ilichukua muda gani.

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni inayohifadhi mtandaoni programu zinazoandikwa na watu, alikuwa akihangaika na seva mbili za PostgreSQL, programu ya hifadhidata. Seva ya akiba, inayonakili kila kinachoandikwa kwenye seva kuu, ilikuwa imeachwa nyuma, ikabidi ijazwe upya. Ili kuijaza, folda yake ya data lazima iwe tupu, basi akaifuta. Sekunde moja mbili baadaye akagundua amri ameitoa kwenye seva kuu. Akaikatisha, lakini katika gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5.

Msicheke! Mtu aliyechoka, mbele yake vidirisha viwili vyeusi vinavyofanana, atakosea tu. Simlaumu hata kidogo. Ninaotaka muwatazame ni walinzi waliowekwa nyuma yake.

Timu yake ikakimbilia nakala za pg_dump, programu ya kutoa nakala ya hifadhidata ya PostgreSQL, zilizotakiwa kupelekwa kila siku kwenye hifadhi ya Amazon. Patupu. Kumbe pg_dump iliyokuwa ikiendeshwa ni toleo la 9.2, na hifadhidata ni 9.6, programu hiyo hugoma kusoma seva mpya kuliko yenyewe. Hakukuwa na tahadhari? Ilikuwepo. Kila ilipofeli, barua pepe ilitumwa, na kila barua ikakataliwa mlangoni kwa kasoro ya DMARC, utaratibu wa kuhakiki mtumaji wa barua pepe. Picha za diski, yaani nakala ya diski ilivyo kwa dakika hiyo, za Azure, wingu la Microsoft, je? Kwenye seva za hifadhidata hazikuwa zimewashwa. Ile seva ya akiba nayo ilikuwa imeshasafishwa.

Kilichowaokoa ni picha ya LVM, mfumo wa Linux wa kusimamia diski, ambayo mhandisi aliipiga kwa mkono takriban muda wa saa sita kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa ya majaribio. Bahati tupu. Mabadiliko ya muda huo yakapotea: miradi kama 5,000, maoni kama 5,000, watumiaji wapya 700 hivi. Kurejesha kukala karibu saa 18, maana picha ilikuwa kwenye mashine yenye diski za polepole. Heshima kwao, waliyaandika yote hadharani. Wangapi kati yetu wangethubutu?

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema moyoni, “Mwalimu, sisi tuko kwenye mashine pepe, kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta nyingine, tunapiga picha ya mashine nzima kila usiku.” Hongera. Picha hiyo hunasa diski kama vile umeme umekatika ghafla. PostgreSQL na InnoDB, injini ya hifadhidata ya MySQL, zitainuka zenyewe kwa kusoma daftari la miamala, faili linaloandika kila badiliko, mradi data na daftari vimenaswa kwa wakati mmoja. Umeviweka kwenye diski mbili, zikapigwa picha kwa kupishana sekunde chache? Basi omba dua. Ndiyo maana kuna wakala wa QEMU, programu ndogo ndani ya mashine pepe, wa kugandisha mafaili kwanza, na kwenye Windows kuna VSS, huduma ya kupiga picha, ya kuiambia SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, ijipange. Nani humu amemsakinisha na kuhakikisha anafanya kazi? Nyinyi wachache, asanteni.

Na picha inayolala kwenye hifadhi ileile ya mashine ni ufunguo wa akiba uliofungiwa ndani ya nyumba. Seva pacha, kama ile ya akiba ya GitLab, pia si bakapu: DROP TABLE, amri ya kufuta jedwali zima, itafika huko kabla hujamaliza kusema astaghfirullah.

Mwenyekiti ananionyesha saa, niharakishe. Hifadhini daftari la miamala mfululizo, muweze kurudi hadi dakika moja kabla ya kosa. Nakala moja iwe nje ya jengo, kwenye akaunti yenye nywila yake, maana wezi wanaofunga data yako na kudai fidia huanza kwa kufuta bakapu. La kufunga nakala kwa msimbo nilikuwa nimeliandaa, naliruka.

Kazi ya wiki hii: chukua bakapu ya juzi, irejeshe kwenye mashine pepe mpya, washa programu, tafuta muamala mmoja unaoujua, andika muda uliotumika. Mashine hiyo usiipe mtandao. Nasisitiza hilo kwa sababu mfumo uliorejeshwa ukiona intaneti unaendelea na kazi zake pale ulipoachia, na wateja wako wataanza kupokea SMS za madeni waliyokwisha kulipa.