Karatasi Aliyotia Dole Mjomba: Mhadhara kwa Waendesha Baiskeli, Ngamiani, Tanga

Asalaam aleikum, na shikamooni wazee wangu. Nimeona baiskeli zimejaa nje hadi kibarazani, na moyo wangu umefurahi. Niliomba tangazo la mkutano huu lisomwe kwenye soko la samaki la Deep Sea na sokoni Mgandini, maana wenye haja nalo wako huko.

Mimi ni wakili, na leo nazungumzia ukigongwa na gari ukiwa kwenye baiskeli, ufanye nini ili haki yako ya fidia isipotee. Nianze na karatasi moja. Mjomba wangu alikuwa muuza samaki. Alfajiri anachukua mzigo Deep Sea, tenga anafunga kwenye keria, anapita Chumbageni hadi Makorora akiuza nyumba kwa nyumba. Siku moja pikapu ikamkatia kona, ikamtupa mtaroni. Watu wakajaa. Dereva hakuwa mtu mkali. Alishuka, akampa pole, akampa shilingi elfu hamsini, kisha akaandika kwenye karatasi ya daftari: "Tumemalizana, sina madai." Mjomba akatia dole. Waliokuwapo wakamwambia ajali haina kinga, mshukuru Mungu umepona. Akarudi nyumbani anachechemea. Wiki ya pili goti likavimba, akapelekwa hospitali, wakakuta mfupa umepasuka. Hakupanda tena baiskeli. Mimi nilikuwa darasa la sita, na ndimi niliyemsomea ile karatasi, kwa sababu alikuwa hajui ametia dole kwenye nini.

Ajali haina kinga, ni kweli. Lakini uzembe una mwenyewe, na mwenyewe hulipa.

Sheria yetu ya Ukomo, Sura ya 89, inampa aliyeumizwa miaka mitatu ya kufungua madai ya fidia. Mtoto akigongwa, miaka hiyo haianzi kuhesabiwa mpaka atimize 18. Kwa hiyo haki inaishi muda mrefu, ushahidi ndio hauishi. Alama za breki hufutika kwa magari ya jioni ile ile. Vioo vya taa mwenye duka huvifagia kabla ya magharibi. Na mji wetu unaitwa waja leo waondoka leo: shahidi wako bora anaweza kuwa abiria wa Muheza aliyekuwa anangoja gari, akapanda, usimwone tena. Muulize jina na namba ya simu pale pale. Kama wewe umelala chini, mwombe kijana yeyote akuulizie.

Cha kwanza kabisa ni namba ya gari. Siku hizi ukiwa na namba, bima ya gari hilo inahakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, hata kama dereva ameondoka na stika yake. Iandike popote, hata kwenye kiganja.

Cha pili ni picha. Piga kwanza ukiwa mbali, ionekane na kitu kisichohama: nguzo ya umeme, mwembe, kona ya barabara ya kumi na mbili. Halafu sogea. Magari yakishaondolewa, picha ya bampa peke yake haimwambii hakimu nani alikuwa upande wa nani. Na picha hiyo ibaki kwenye simu iliyoipiga. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 mahakama inapokea ushahidi wa simu, lakini itauliza nani alipiga, kwa simu gani, na ilitunzwaje. Picha iliyorukaruka kwenye makundi ya WhatsApp hadi hajulikani nani aliipiga ni picha yatima.

Sasa baiskeli yenyewe, na hapa naomba mnisikilize sana, kwa sababu hapa ndipo tunapojiharibia kwa mikono yetu. Mtu akigongwa leo, kesho baiskeli iko kwa fundi, kwani ndiyo kazi yake na watoto wanataka kula. Naelewa. Lakini baiskeli iliyopinda inasema. Dereva akidai, "alinikatiza ghafla kutoka kushoto," na rimu ya nyuma imekunjika, madigadi ya nyuma yamebonyea kuelekea mbele, na ubavu hauna hata mkwaruzo, basi uligongwa kwa nyuma, na hakuna maneno matamu yatakayoinyoosha rimu ile. Rangi ya gari iliyobaki kwenye fremu usiifute. Azima baiskeli ya ndugu, kodi, tembea. Ile iliyogongwa iache ilivyo mpaka askari na watu wa bima waione na ipigwe picha.

Polisi ataandika, atachora mchoro wa ajali, atakupa fomu ya PF3 ya matibabu. Mchoro uangalie ukiweza, na kama umekosewa upande, sema kwa adabu lakini sema. Baadaye utahitaji PF 90, ripoti ya polisi kuhusu ajali, bila hiyo kampuni ya bima haitakusikiliza.

Halafu nenda hospitali ya Bombo hata kama unajiona mzima. Ukifika kwa daktari, niwieni radhi, acheni ustaarabu wetu mlangoni. Sisi watu wa pwani tukiulizwa hali tunajibu sijambo, alhamdulillahi, hata mguu ukiwa unaning'inia. Daktari anaandika unachomwambia. Miezi minane baadaye wakili wa upande wa pili anasimama mahakamani anasoma: "Mgonjwa alisema hana maumivu." Taja kila panapouma, bega, kiuno, kichwa, usingizi uliopotea. Rudi tena likijitokeza jipya, nalo liandikwe.

Kuna jambo linawachanganya wengi. Dereva akipelekwa mahakamani na trafiki, akatozwa faini, watu husema kesi imekwisha. Ile ni kesi ya Jamhuri, na faini inakwenda serikalini. Wewe hupati hata senti. Dai lako la fidia unalifungua mwenyewe, Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Ila ile hukumu ya kwanza ni hazina: dereva akitiwa hatiani, omba nakala iliyothibitishwa, itakusaidia sana kwenye dai lako. Tena kwenye dai la fidia mzigo ni mwepesi kidogo. Jamhuri hutakiwa kuthibitisha pasipo kuacha shaka, wewe unatakiwa uonyeshe kwamba maneno yako yanaelekea kuwa kweli kuliko ya mwenzako. Na tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo kesi yako utaifuata kwa masikio yako.

Wengine wananiambia, "Wakili, naona haya, nitamfilisi mtoto wa watu." Hii huruma naiheshimu, lakini haina mahali hapa. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha gari barabarani liwe na angalau ile tunayoita bima ndogo. Bima ndogo haimtengenezei mwenye gari hata taa. Imewekwa kwa ajili yako wewe uliyegongwa. Anayelipa ni kampuni, kwa fedha ambazo mwenye gari alishazitoa kwa kazi hiyo. Ukifungua kesi, iarifu kampuni hiyo mapema kwa maandishi, maana isipoarifiwa inaweza kupata mlango wa kutokea. Gari likiwa la mwajiri na dereva alikuwa kazini, mwajiri naye anashtakiwa. Likiwa la serikali, inabidi utangulize notisi ya siku 90.

Fedha zenyewe ziko za namna mbili. Maumivu, kilema, furaha iliyopotea, hayo hakimu anayapima kwa busara yake. Lakini dawa, nauli, baiskeli na kipato kilichopotea lazima uvitaje kimoja kimoja na uvithibitishe, na mahakama zetu haziregezi kamba hapo. Muuza samaki hana hati ya mshahara, najua. Ana daftari la mauzo. Ana ujumbe wa malipo kwenye simu. Ana dalali wa mnadani anayemjua miaka kumi, na mwenyekiti wa mtaa. Vikusanye. Risiti ya bajaji iombe, na kama hana, akuandikie na kuweka jina lake.

Naam, mama hapo mbele. Anauliza: mwanawe aligongwa usiku, baiskeli haina taa, je, amepoteza haki? Hapana, mama. Barabarani usiku taa inatakiwa, na kukosa taa kutahesabiwa. Lakini hesabu hiyo hupunguza fidia, haiifuti. Tuseme madhara ni shilingi milioni 10, na hakimu akaona kijana amechangia kwa asilimia 30. Anapata milioni 7. Na ataulizwa pia dereva alikuwa na mwendo gani, kwa kuwa ndani ya mji mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Kwa hiyo asimwongopee askari kwamba taa ilikuwapo. Uongo mdogo ukigundulika unabeba na ukweli mkubwa.

Na kama aliyegongwa amefariki, Mungu atuepushie, mke au mume, watoto na wazazi wana dai lao chini ya Sura ya 310 ya sheria zetu. Msikae kimya kwa sababu ya msiba.

Nirudi kwenye karatasi ya mjomba. Mtu akikupa fedha ya matibabu, pokea, unaihitaji. Lakini iandikwe hivi: "Nimepokea shilingi kadhaa kwa matibabu ya awali, madai mengine yanaendelea." Neno tumemalizana lisiandikwe siku ya ajali, wala wiki ile. Asiyejua kusoma asomewe na mtu wake mwenyewe. Asiyekuwa na fedha za wakili, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wasaidizi wa kisheria wapo, waulizieni ofisi za ustawi wa jamii.

Baba uliye kule nyuma, uliyeninong'oneza mlangoni kwamba uligongwa mwezi uliopita njia ya Pongwe na baiskeli bado iko uani. Usimpe fundi. Ifunike isinyeshewe. Kesho asubuhi niletee PF3 yako, na ile pakiti ya sigara uliyoandikia namba ya gari. Pakiti yenyewe, baba, usiinakili ukaitupa.