Jinsi ya Kujifunza Maneno Magumu ya Kiingereza kwa Kuanzia Kwenye Mzizi

Karibu, mtazamaji. Andaa daftari na kalamu, kwa kuwa somo hili hufuatwa kwa kuandika.

Kwanza, andika neno "benevolent", kisha ulikate kwa mstari baada ya "bene". Sehemu zote mbili zimetoka katika Kilatini: "bene" ni vizuri, na "volent" inatokana na kitenzi chenye maana ya kutaka, hivyo mtu wa namna hiyo ni yule anayewatakia wenzake mema. Ukiondoa "bene" na kuweka "male", yaani vibaya, unapata "malevolent", mwenye kuwatakia wengine mabaya. Msemaji wa Kiswahili asiiogope kazi hii, kwani tangu utotoni amezoea kuona kitenzi soma kikizaa somo, msomi na usomaji.

Hata hivyo, mzizi hudokeza tu. Neno "nice", ambalo leo husifu kitu cha kupendeza, lilitokana na neno la Kilatini lenye maana ya asiyejua; kwa hiyo, baada ya kukisia, fungua kamusi uhakikishe.

Hatua ya pili ndiyo ninayoisisitiza zaidi, kwa sababu wanafunzi wengi huiruka: chunguza neno huandamana na maneno gani. "Famous" na "notorious" yote humhusu mtu anayejulikana sana, lakini la pili hutumika kwa aliyejulikana kwa ubaya, na ukimwita hivyo mwalimu wako ukidhani unamsifu, utakuwa umemvunjia heshima. Soma mifano mitatu au minne ya sentensi katika kamusi kabla hujalitumia neno, kisha utunge sentensi yako mwenyewe kuhusu jambo unalolijua vizuri.

Tatu, rudia. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alijifanyia majaribio ya kumbukumbu na kuyachapisha mwaka 1885, akaonyesha kwamba tulichojifunza huanza kupotea upesi sana. Kwa hiyo funika maana kwa mkono, ujaribu kuikumbuka kabla ya kuitazama; fanya hivyo kesho, baada ya siku tatu, na tena baada ya wiki.

Sasa simamisha video, uandike "eloquent" na "loquacious". Yote mawili yana mzizi wenye maana ya kusema. Tafuta katika kamusi ni lipi humsifu msemaji na ni lipi humlaumu.