Usiling'oe Kwanza: Chujio la Masizi kwenye Gari la Dizeli

ASHA: Tuko hewani. Habari za huko uliko, msikilizaji. Mimi ni Asha, na mwenzangu kama kawaida amekuja studio na grisi mikononi.

HAMISI: Nimenawa, dada Asha. Hii haitoki. Asalaam aleikum, na habari zenu nyote.

ASHA: Leo tunaanza na ujumbe wa sauti kutoka kwa msikilizaji wa hapa hapa Mwanga, mjini Kigoma. Kanunua gari la dizeli, mtumba wa Japani, hana nalo muda mrefu. Anasema kwenye dashibodi imewaka taa ya njano, kama kiboksi chenye vidoti ndani. Gari limekuwa zito, akipanda kutoka stesheni kuja Mwanga halivuti. Fundi kamwambia: "Hiyo ni DPF, tuing'oe, gari litapaa." Anauliza, aing'oe?

HAMISI: Asing'oe. Kipindi kimeisha, kwaherini.

ASHA: We! Kaa chini. Kwanza hiyo DPF ni mdudu gani?

HAMISI: Ni chujio la masizi. Liko kwenye njia ya moshi, mara nyingi karibu kabisa na injini, nyuma tu ya turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, au chini ya sakafu ya gari. Ukiliangalia kwa nje ni kopo la chuma, utadhani ni sailensa fupi. Ila ndani kuna kauri.

ASHA: Kauri hii ya vikombe?

HAMISI: Ndugu yake. Imetengenezwa kwa vijia vyembamba vingi vilivyopangwa kama sega la nyuki. Sasa hapo kuna ujanja. Kijia hiki kiko wazi mbele lakini kimezibwa nyuma. Cha jirani kimezibwa mbele, kiko wazi nyuma. Moshi ukiingia unakuta njia imekufa. Hauna pa kupita ila kwenye ukuta wenyewe, na ukuta una vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni. Hewa inapenya, masizi yanabaki. Likiwa zima linakamata zaidi ya asilimia 95 ya masizi.

ASHA: Na masizi yenyewe yanatoka wapi? Maana petroli haitoi moshi mweusi namna ile.

HAMISI: Dizeli haichanganywi na hewa mapema. Hewa inabanwa mpaka inakuwa ya moto sana, halafu nozeli inapuliza dizeli humo ndani, inawaka yenyewe bila plagi. Muda wa kuchanganyika ni mdogo mno. Pale katikati ya mnyunyizo kuna dizeli nyingi na hewa kidogo, inaungua nusu nusu. Hayo ndiyo masizi. Na yale meusi unayoyaona lori likipanda mlima ni sehemu tu. Mabaya zaidi ni yale madogo usiyoyaona, yanashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile lililo chini ya WHO, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kundi la kwanza, siyo la "huenda".

ASHA: Na sisi tunasimama stendi asubuhi tunauvuta pamoja na chai.

HAMISI: Na mama anayeuza dagaa pembeni ya barabara anauvuta kutwa.

ASHA: Mbona magari ya zamani hayana kitu hiki? Land Cruiser za mashirika zinazokwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu sijawahi kusikia zinalalamika.

HAMISI: Zile nyingi zina injini ya 1HZ, lita 4.2, haina turbo, haina chujio. Fundi wa Kigoma amekulia kwenye hiyo. Ndiyo maana simlaumu sana yule aliyesema "tuing'oe". Kwake injini ya dizeli ni pampu, nozeli na bomba la moshi, basi. Kwenye magari madogo chujio lilianza na Peugeot 607 mwaka 2000. Japani nako, gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, mwaka 1999 alisimama mbele ya waandishi wa habari na chupa ya plastiki yenye masizi ya dizeli, akaitikisa. Oktoba 2003 Tokyo na majirani zake wakazuia malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza kiwango cha masizi. Ulaya wakabana kiwango kuanzia 2009 mpaka bila chujio haiwezekani. Sasa magari hayo hayo yakizeeka yanakuja kwetu.

ASHA: Yanapanda meli na chujio lake.

HAMISI: Na masizi ya huko huko!

ASHA: Sawa. Chujio lolote hujaa. Hili linasafishwaje? Mtu analifungua na kulikung'uta?

HAMISI: Linajichoma lenyewe. Masizi ni kaboni, na kaboni inaungua. Tatizo ni moto wake: inataka kama nyuzi 600 hivi, na moshi wa gari linalotembea mjini haufiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo kuna njia mbili. Ukiwa safarini na mzigo, injini imechemka, kuna kemikali inayozaliwa kwenye kata, yaani katalisti, kopo lililo mbele ya chujio, na inakula masizi polepole kwenye joto la chini zaidi, nyuzi 300 na kitu. Wewe dereva hujui lolote. Njia ya pili ni kompyuta kuamua. Kuna sensa, yaani kipimo, yenye mipira miwili ya bomba, mmoja umetoka mbele ya chujio, mwingine nyuma. Inalinganisha msukumo wa moshi. Tofauti ikiwa kubwa, kompyuta inajua chujio limejaa. Inaamuru nozeli zipulize dizeli kidogo kwa kuchelewa, ile isiyosaidia kusukuma gari. Inakwenda kuungua kwenye ile kata, joto linapanda, masizi yanakuwa hewa ya ukaa, yanatoka.

ASHA: Inachukua muda gani?

HAMISI: Dakika 10 mpaka 20, gari likiwa linatembea. Utaona sailensi, ule mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, imepanda kidogo, dizeli inaliwa zaidi, ukizima feni inaendelea kulia, na kuna harufu ya moto huko chini. Wengine wakisikia hivyo wanakimbilia gereji. Gari haliumwi. Liko kazini, na wewe umelizima katikati.

ASHA: Hapo ndipo ninapomwona msikilizaji wetu. Mwanga hadi sokoni, sokoni hadi Ujiji, anazima, anawasha, anazima.

HAMISI: Kila siku. Injini haijapata joto, ameshafika. Kompyuta inaanza kuchoma, anazima. Kesho inaanza tena, anazima. Na ile dizeli ya ziada isiyopata nafasi ya kuungua inateleza kwenye kuta za silinda, inashuka kwenye oili. Sasa chomoa kile kijiti cha kupimia oili. Oili imeongezeka!

ASHA: Watu watafurahi. Gari halili oili.

HAMISI: Wanafurahia ajali. Oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi, hailindi vyuma. Kwenye baadhi ya Mazda za dizeli wameweka kabisa alama ya X kwenye kijiti, juu ya ile F ya kujaa. Oili ikifika kwenye X, mwaga yote, weka mpya. Usisubiri kilomita zitimie.

ASHA: Kwa hiyo dawa ni safari? Apande barabara ya Kasulu?

HAMISI: Kama ni taa hiyo ya njano peke yake, imetulia haimweki, na gari bado linavuta, ndiyo. Toka mjini, shika lami ya kwenda Kidahwe. Siyo kukimbiza, tembea 60, 70, lakini kaa kwenye gia ya chini kidogo ili mzunguko wa injini uwe 2,000 na kitu. Usisimame kununua nyanya. Kabla ya Kidahwe taa inaweza kuzima yenyewe. Lakini yeye anasema gari limeshakuwa zito. Hapo kompyuta imepunguza nguvu kwa makusudi ili kulinda injini. Asilazimishe. Masizi yakizidi sana halafu yakawaka yote kwa pamoja, joto linavuka 1,000, ile kauri inapasuka au inayeyuka. Hapo kweli umepoteza chujio.

ASHA: Afanyeje basi?

HAMISI: Apate fundi mwenye mashine ya kupimia. Na mimi swali langu la kwanza kwa gari kama hilo siulizi kuhusu chujio kabisa. Nauliza: themostati ipo?

ASHA: Themostati? Ile ya maji?

HAMISI: Hiyo hiyo, inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Dada Asha, hapa kwetu gari likichemsha mara moja tu, kitu cha kwanza kutolewa ni themostati. "Nchi ya joto, hii haina kazi." Nimelifungua gari moja lililokuja na kesi ya DPF, mwenyewe ameshapigiwa hesabu ya kulikata chujio. Natazama mshale wa joto, umelala chini tangu gereji mpaka Katonga na kurudi. Nafungua nyumba ya themostati, tupu. Wameacha raba peke yake. Injini inatembea baridi, na kompyuta haianzishi kuchoma mpaka maji yafikie joto lake. Ilikuwa inasubiri tu. Tukaweka themostati mpya, tukaiamuru kompyuta kwa mashine ichome masizi, gari likaondoka. Chujio ni lile lile.

ASHA: Themostati ni bei gani ukilinganisha na chujio jipya?

HAMISI: Hata usilinganishe. Na siyo hiyo tu. Ile mipira miwili ya sensa niliyoitaja, ni vipande vya mpira vinavyokaa kwenye joto kali. Vinapasuka, vinachomoka, vinaziba. Kompyuta inasoma uongo. Unaweza ukang'oa chujio zima kwa ajili ya mpira wa urefu wa kiganja. Kuna nozeli inayovuja, inamwaga dizeli kuliko hewa iliyopo. Kuna paipu ya turbo imelegea, hewa inapotea njiani. Zote zinazalisha masizi kuliko chujio linavyoweza kumeza. Ukilikata, ugonjwa umeuacha ndani. Nozeli inaendelea kuvuja, ila sasa hakuna wa kukuambia.

ASHA: Lakini lazima lipo linalojaa kweli. Gari la kilomita laki na nusu...

HAMISI: Lipo. Hilo siyo masizi, ni majivu. Oili ya injini ina madini: kalisi, zinki, magnesi. Kila tone linaloungua linaacha majivu, na majivu hayaungui tena hata ufike Dodoma. Yanajikusanya mwisho wa vile vijia. Ndiyo maana oili ni muhimu. Kwa gari dogo la Kijapani lenye DPF tafuta kopo lililoandikwa JASO DL-1, kiwango cha oili cha Kijapani. Hiyo majivu yake hayazidi asilimia 0.6. Malori ya Kijapani yenye chujio yana yake, DH-2. Gari la Ulaya angalia kiwango chao, ACEA ya herufi C, halafu kitabu cha gari kinasema C ipi. Ukikuta kopo limeandikwa tu "dizeli, kazi ngumu", na picha ya trekta, liache hapo dukani.

ASHA: Na dizeli yetu yenyewe? Maana kuna wanaosema mafuta ya Afrika ndiyo yanaua.

HAMISI: Salfa inasumbua ile kata ya mbele, ni kweli. Lakini mwaka 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kilishushwa hadi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Ulaya ni 10. Siyo sawa, ila siyo ile hali ya zamani. Mimi ninachohofia ni dizeli ya kwenye madumu, hujui ilikopita.

ASHA: Likijaa majivu linaoshwa?

HAMISI: Linafunguliwa, linapulizwa kinyume na njia ya moshi, wenye vifaa wanalioka kwenye tanuri kwanza. Msilimwagie asidi, na msilipige kwa mashine ya kuoshea magari. Ile kauri na mkeka unaoishikilia havitaki ubabe. Halafu, wanaochoma kwa mashine gari likiwa limesimama, tafadhali: kiangazi hiki usiliegeshe juu ya nyasi kavu. Bomba linakuwa na joto la kuwasha moto. Wala siyo ndani ya gereji iliyofungwa.

ASHA: Na wale walioshakata? Wanasema linavuta vizuri.

HAMISI: Ukitoa kauri bila kufuta kwenye kompyuta, taa haizimi. Ukifuta, gari linatembea, sikatai. Uingereza tangu Februari 2014 gari lililokuja na chujio likakutwa halina linaanguka ukaguzi. Hapa hakuna anayekuinamia chini ya gari, ila moshi wako anauvuta mtoto wako aliyekaa dirisha la nyuma.

ASHA: La mwisho. Mtu yuko yadi anataka kununua, muuzaji anaapa chujio lipo. Atajuaje?

HAMISI: Aingize kidole ndani ya bomba la moshi, gari likiwa limepoa. Gari lenye DPF nzima, bomba lake ni safi, labda vumbi la kijivu kidogo. Kidole kikitoka cheusi ti, ama limepasuka ama kopo liko tupu. Muuzaji aape anavyotaka.

ASHA: Hebu nipe kitambaa. Gari la bosi liko hapo nje.