Kwa nini nilikata waya wa fritezi badala ya kuituma Bukavu

Jambo zenu ndugu zangu. Bukavu, Goma, Uvira, wote mnaonifuata, nawasalimia. Leo sipiki. Nimewasha kamera kwa sababu tangu niweke ile video fupi nikiwa jikoni na mkasi, nakata waya wa fritezi yangu, swali ni lile lile kila siku: "Dada, kwa nini unaharibu chombo kizima na sisi huku tunapikia makala (mkaa)?" Mmoja ameandika kwamba nimejisahau, nimekuwa mzungu. Mwingine anasema najionyesha. Nimevumilia wiki tatu, leo nijibu.

Kwanza, hakikuwa kizima. Ile fritezi isiyotumia mafuta niliinunua kwa Mkongomani mwenzetu hapa Marekani aliyekuwa anahamia jimbo lingine, dola 30, na kwa miezi mitano ilinifanyia kazi vizuri. Nilikuwa nakaangia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, ambazo mama mdogo hunitumia kila anapopata mtu wa safari. Jioni moja nikasikia harufu ya plastiki. Nikadhani mfuko umegusa jiko. Kumbe ni nyuma ya fritezi yenyewe, pale waya unapoingia: ganda limelainika kama mshumaa, nikalibonyeza na alama ya kidole ikabaki. Ukutani palikuwa na doa la kahawia, upana wa kiganja. Watoto wangu walikuwa wamelala chumba cha pili.

Mwenzangu wa kazini ndiye aliyeniambia niipindue nisome namba ya modeli. Mwanangu akamulika kwa simu, akanisomea tarakimu moja moja. Imo kwenye orodha ya vyombo vilivyotangazwa kuwa na hatari! Kampuni ilikuwa imeshatangaza kitambo kwamba watu waache kuitumia, inaweza kushika moto. Aliyeniuzia hakujua, simlaumu. Na kampuni sitaitaja, sitaki maneno.

Msidhani ni bahati mbaya yangu peke yangu. Mwezi wa 2 mwaka 2023 Cosori walitangaza fritezi zao zirudi, karibu milioni 2 hapa Marekani tu, bila kuhesabu za Kanada na Mexico. Ndani yake kulikuwa na kiungo cha waya kinachopata joto kupita kiasi. Watu 205 hivi walikuwa wameshatoa taarifa za kuungua, kuyeyuka, moshi, mpaka moto wenyewe. Mwaka uliotangulia zilikuwa fritezi za Insignia, zaidi ya 770,000 ukichanganya Marekani na Kanada. Na mwaka 2018, sufuria za umeme za Instant Pot, ile aina ya Gem 65, karibu 104,000: zilikuwa zinayeyuka chini. Hizo ni kampuni ambazo watu wanapigania bidhaa zake dukani.

Sasa mkasi. Wao ndio wanaotaka ukate. Cosori waliwaambia wateja watume picha ya chombo kikiwa kimekatwa waya, na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Wanataka kuwa na hakika kwamba hakuna atakayekichomeka tena. Hapa kuuza kitu kilichotangazwa namna hiyo ni kosa kwa sheria tangu 2008, hata ukikiweka mbele ya nyumba yako ukakiuza dola 5.

Na mnaosema nimelipwa pesa nikanyamaza, sikieni nilivyolipwa. Karatasi ya kampuni ya kudai pesa ya fritezi inataka jina la kwanza na jina la mwisho, basi. Sisi tuna jina, postinomu (jina la pili) na prenomu (jina la kwanza), na vitambulisho vyangu hapa vimechanganya vyote vitatu, kila kimoja kwa namna yake. Cheki ikaja na postinomu peke yake. Benki wakaikataa. Nikapiga simu mara nne, wakati wa mapumziko kazini, dakika 30 nasikiliza muziki, na kazini ukichelewa dakika tano wanakukata. Wakaniambia nirudishe cheki kwa posta, waandike nyingine. Wiki 11! Dola 50 nilizozifukuzia zote hizo ndizo watu wanasema natambia.

Lakini kilichoniuma hasa ni hiki. Shangazi yangu alisema kwenye kilio, mbele ya ukoo mzima, kwamba mimi ni afadhali nikate kitu kuliko kukipeleka nyumbani. Shangazi, nakuheshimu, ulinilea likizo mbili. Lakini hukunipigia simu uniulize.

Maana ningeituma ingefika wapi? Ingepakiwa kwenye pipa, ipande meli mpaka Dar es Salaam, ipande lori, ifike Kadutu, pale Bukavu, nyumba ya mbao iliyoshikana na nyumba ya jirani, na ya jirani imeshikana na nyingine. Nyote mnajua moto ukianza kule juu unaishia wapi, na gari la zimamoto linapita njia ipi. Tangazo la kampuni mimi niliweza kulipata hapa, mama kule halimfikii.

Kuna na jambo la umeme wenyewe. Chombo cha hapa kimetengenezwa kwa volti 120, kwetu ni 220. Ukichomeka cha kupasha joto moja kwa moja, kinavuta nguvu zaidi ya mara tatu ya ile kilichoundiwa. Watu wanasema weka transfoma. Sawa, lakini fritezi ya wati 1500 inataka transfoma kubwa kuliko hiyo, na zile ndogo za sokoni zenyewe zinachemka. Halafu delestaji: umeme umekatika, mtu ameacha chombo kimechomekwa ameenda sokoni, umeme unarudi saa nane na nyumba haina mtu.

Sisemi msitumiwe vitu. Kila mtu na hali yake, kila mtu na mfuko wake, na mimi si fundi. Mimi nafanya hivi: kabla chombo hakijaingia kwenye pipa nakipindua, napiga picha ya karatasi ya chini, natafuta namba ya modeli kwenye tovuti ya CPSC, hiyo ni tume ya serikali ya hapa. Wa Ufaransa wana RappelConso, wa Ulaya nzima wana Safety Gate. Bure, dakika mbili. Anayeona ni kazi bure, simlazimishi.

Na nimeanza na vyangu. Mwaka 2021 nilimtumia mama birika la umeme na kibaniko cha mkate. Sikuangalia chochote wakati ule, nilifurahi tu kwamba vimefika. Juzi nimemwomba yaya, ndugu yangu mkubwa, avipindue anitumie picha. Ya kibaniko imekuja, nimetafuta, hakimo. Ya birika ilikuja na ukungu, namba ya mwisho haisomeki, sijui ni 3 au 8. Nikamwambia alichomoe, mama achemshe chai yake kwenye babula, lile jiko la makala, mpaka yaya apige picha nyingine. Amesema wamekatiwa umeme na simu yake inaisha, kesho asubuhi.